Jina Chini ya Kigaga

Kitambaa kilikuwa kimeshikana na mkono kama ngozi ya pili. Nilikimwagia maji ya uvuguvugu, nikangoja, nikamwagia tena. Josiane, mke wa mwanangu, alikuwa amekaa juu ya kigoda mlangoni mwa jiko, uso ameugeuzia migomba asione. Hakulia. Alikuwa akivuta pumzi kwa meno, sss, sss, kama mtu anayekunywa uji wa moto. Kitambaa kilipoachia kilitoka na maji meusi yaliyochanganyika na damu, nami nikaruka nyuma mpaka nikapindua beseni.

"Yesu wangu! Nani amekuunguza?"

"Hakuna muntu ameniunguza, Mama."

"Basi hii njo nini?"

"Ni jina. Bamenichora kule Bukavu."

Ulikuwa mkono wa kushoto, upande wa ndani, pale penye ngozi laini ambayo hata jua halijaizoea. Kuanzia karibu na kiganja hadi karibu na kiwiko palikuwa pameumuka, pamewiva, pana giza la masizi na wekundu wa damu. Mimi nimesoma shule ya msingi kwa masista, na mwaka ule macho yangu bado yaliweza kutia uzi kwenye sindano bila kubembeleza. Nikainama kusoma. Hapakuwa na cha kusoma. Ulikuwa uvimbe mtupu, mweusi, unaotoa jasho.

"Jina la nani?"

Ndipo akaniangalia, mara ya kwanza tangu aingie.

"Acha ipone kwanza," akasema.

Jibu hilo sikulipenda. Mwanamke aliyeandika jina la mumewe hangoji lipone ndipo alitaje. Angelisema palepale, tena kwa kujisifu.

Lakini ili ujue kwa nini jibu hilo lilinitisha, lazima nikurudishe nyuma kidogo.

Mwaka ulikuwa wa tisini na tisa. Nilizaliwa juu ya kilima hikihiki cha Nzahaha, Rwanda, nikatolewa humu mgongoni mwa mama yangu, nikakulia Kongo. Bukavu ndiko nilikosoma, ndiko nilikoolewa na Ndayisaba, na ndiko nilikomzika. Nikarudi mwaka wa tisini na tano na mvi zangu, kwenye kilima ambacho watu waliniuliza kwa upole nimejifunzia wapi Kinyarwanda cha namna ile. Nilirudi na kitinda mimba wangu Ndizeye, na mkewe Josiane, wa kabila la Bashi wa Bukavu, na mtoto wao Kamikazi ambaye alikuwa bado ananyonya.

Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wala la mama mkwe. Hata neno linalofanana nalo hulizunguka kama mtu anavyozunguka kisima kilicho wazi. Wasichana wa leo wanalicheka jambo hili. Josiane, ambaye hakuwa hata Mnyarwanda, alilishika kuliko sisi wenyewe tuliozaliwa nalo. Mume wangu hakuwahi kumwona, alikuwa chini ya ardhi zamani, lakini kwa kuwa aliitwa Ndayisaba, Josiane aliikataa namba inayokuja baada ya sita. Akipima mchele sokoni Bugarama kwa kikombe utamsikia: "Tano, sita, sita na moja, munane." Akina mama wa soko walikufa kwa kicheko. Walimpa jina kabisa: Sita-na-Moja. "Sita-na-Moja, leo ni siku ya ngapi ya juma?" Naye hucheka pamoja nao, na namba hiyo haitaji. Jina langu, Mukankusi, halikuwahi kupita kwenye ulimi wake. Nilikuwa Mama, kwisha.

Ndizeye alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa Bukavu aliyeitwa Mirindi. Mwezi wa Julai wa tisini na nane alipakia chumvi na sabuni, akashika njia ya Kamituga. Agosti vita vikaanza tena, na njia ile ikafungwa nyuma yake kama mlango uliosukumwa na upepo. Hatukupata habari. Si ya lori, si ya utingo wake, si ya mwanangu. Tulisikia tu majina ya vijiji vilivyoungua, na kila jina tulilihesabu ni mbali au ni karibu na pale alipokuwa akielekea.

Josiane aliendelea na biashara yake. Alinunua mchele Bugarama, akauvusha daraja la Rusizi ya pili, mpakani, akauza Bukavu, akarudi na mafuta ya mawese na vitenge. Na kila alipovuka alipita kwenye depo ya Mirindi kuuliza. Alirudi na jibu lilelile, hakuna. Safari ikafuata safari, mwaka ukageuka, na watu wakaanza kutazamana. Mwanamke kijana, mzuri, anakwenda kila juma kwa tajiri mjane kuuliza swali ambalo jibu lake analijua?

Sasa alikuwa amerudi na jina mkononi, na jina lenyewe halisemeki.

Wajukuu wangu wa leo huchorwa kwa mashine mjini. Wanapanda kwangu na mkono umefungwa plastiki, wananiambia, "Nyogokuru, itakuwaje?" kama vile mimi ni daktari. Nawaambia niliyoyaona. Kwanza mkono utavimba na kutoa maji yenye rangi, usishtuke, ni wino uliozidi unarudi njiani. Osha kwa maji yaliyochemka yakapoa, na sabuni isiyonukia, kwa kiganja kilichooshwa, si kwa kitambaa. Mafuta, kidogo tu, ngozi inataka kuhema. Usiuloweke. Jua lisiuone. Kisha kitakuja kigaga, na pamoja na kigaga utakuja mwasho ambao utakufanya utake kuuza shamba ili mtu akukune. Usikune. Jipige kofi dogo juu yake, basi. Kigaga kikianguka chenyewe utadhani umeibiwa, maana kilicho chini yake kitakuwa kimefifia kama uso wa mtu nyuma ya kioo chenye mvuke. Subiri, kitatokeza. Na ukiona wekundu unapanda mkono, na usaha, na homa, usinijie mimi na vitendawili vyangu. Kimbia dispanseri.

Hayo yote niliyajifunzia kwenye mkono mmoja.

Maana nilimuuguza. Nilikuwa nimekasirika, lakini nilimuuguza. Asubuhi nachemsha maji, jioni nachemsha maji. Nikimpaka mafuta nalitazama lile gamba jeusi linavyokazana, naye anatazama migomba. Ni Kamikazi peke yake aliyekuwa na raha, alikaa katikati yetu na kudai vitendawili.

"Sakwe sakwe!" nikamwambia siku moja, kama tunavyofungua vitendawili kwetu.

"Soma!"

"Shamba langu limelimwa kwa sindano. Mbegu zake masizi. Mvua ikilinyeshea linaharibika."

"Mukono ya Maman!" akapiga makofi. Kisha akafikiri, kidole mdomoni. "Na ikiisha kuota, inazaa nini?"

Josiane aliangua kicheko kifupi, kisha akakikata. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimetega kitu nisichokijua mwenyewe.

Jirani yangu Védastine ndiye aliyesema wazi. Yeye alikuwa mjane, katika ukoo wake wote amebaki yeye na mbuzi tangu mauaji ya tisini na nne, na alikuwa na ulimi wa mtu ambaye hana tena wa kumwogopa. Alikuja kuomba moto, akasimama na kigae chake mkononi.

"Mama Ndizeye, umepima?"

"Nimepima nini?"

"Urefu. Jina la mwanao ni fupi, hata kwenye kidole linatosha. Ile ya mke wake ni ndefu kama njia ya Kigali. Mi sijasoma, lakini kupima najua."

"Labda ameandika na la ukoo."

"Labda," akasema, kwa namna ambayo labda yenyewe ilianguka ikafa. Halafu uso wake ukabadilika. "Mimi niliandikwa kwenye karatasi, Mama Ndizeye. Karatasi tu. Ilitosha kabisa kuwaleta na mapanga. Muntu anakwendaje kujiandika mwenyewe kwenye ngozi, penye hawezi kutupa?"

Akaondoka bila moto aliokuja kuomba.

Nilibaki nalitazama jiko. Kitu nilichokiogopa sasa kilikuwa na umbo. Mwanamke akiandika jina la mwanaume mwingine, anakwenda kwake. Akienda, mtoto anamfuata mama. Ndizeye angerudi siku moja, mchovu, mwembamba, angeukuta mlango, na mama yake mzee, na hakuna mwingine. Ndivyo nilivyowaza. Na kama harudi, Kamikazi alikuwa ndiye uso wake uliobaki duniani.

Kisha mkono ukaharibika. Josiane hakukubali kukaa. Alishuka Bugarama kwenye lile joto lao, akabeba begani magunia yaliyolowa maji ya mashamba, akarudi mchana macho yamemwiva. Nilipofungua kitambaa harufu ilinipiga kabla ya macho. Kigaga kilikuwa kimepasuka, usaha unachungulia, na mstari mwekundu umeanza kupanda kuelekea kwapani kama sisimizi wanaojua njia. Nilimshika kiuno, tukatembea mpaka dispanseri, ananiegemea kama mtoto.

Muuguzi alikuwa dada mfupi, mwenye haraka. Alimchoma sindano, akamsafisha bila huruma, kisha akanigeukia mimi.

"Maji ya chumvi. Sabuni. Mikono yako mwenyewe uioshe mpaka kwenye viwiko. Na majivu hapana, umesikia, Mama? Nawajua nyinyi. Chale za dawa mnazipaka majivu, sawa, hiyo ni kazi ya wazee. Lakini hii ikipakwa majivu sasa hivi, majivu yataingia, yatakaa humo maisha yake yote. Patabaki doa jeusi. Hakuna atakayesoma kitu."

Hakuna atakayesoma kitu. Dada wa watu alidhani ananionya. Hakujua amenipa nini.

Mchana wa kesho yake Josiane alilala usingizi wa homa, mkono umenyooshwa juu ya kitambaa safi, wazi, laini, umelowana. Kamikazi alikuwa kwa Védastine. Nilikaa karibu na jiko. Nikachota majivu kwa kiganja. Yalikuwa na joto bado, mororo kama unga uliochekechwa vizuri. Kumpaka ni jambo la haraka kama kupangusa meza. Mwanaume yeyote aliyelala humo ndani angezama, yeye na mali yake, na hakuna mtu ambaye angenilaumu, kwa maana bibi kizee hutia majivu, ndivyo bibi vizee walivyo.

Unadhani ni wema ulionizuia? Hapana. Ni hamu ya kujua. Nilitaka kulisoma hilo jina kuliko nilivyotaka life. Mtu aliyetegewa kitendawili miaka yake yote ya utoto hawezi kukizika kabla hajasikia jibu. Niliyarudisha majivu jikoni, nikanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, nikaanza kumwosha.

Tangu siku hiyo nilimuuguza kwa ukali. Nilimkataza sokoni. Nilimkataza jembe. Akiinua kucha kujikuna, nampiga kofi; akilala, nakaa namfukuzia nzi. Nilikuwa na haraka, mimi, haraka kuliko mwenye kidonda. Védastine alinitazama akicheka. "Mtu akikuona hivi angedhani ni wewe umejichora."

Kigaga kilianguka chenyewe, asubuhi, kivulini nyuma ya nyumba. Nilikuwa namwosha kwa kiganja kama nilivyofundishwa, nikasikia kitu kinateleza, na gamba refu likabaki mkononi mwangu, jembamba, kavu, kama ganda la kitunguu. Chini yake ngozi ilikuwa changa, inang'aa, na herufi zimelala humo za kijivu, mbali. Nilichovya kidole kwenye mafuta. Nikapitisha polepole. Herufi zikasogea mbele.

Nilisoma kwa kidole, herufi moja moja, kama tulivyofundishwa na masista. Nilipofika mwisho nikarudi mwanzo, maana nilidhani macho yamenisaliti. Nikasoma tena.

MUKANKUSI.

Na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi: NZAHAHA.

Nilikaa chini. Si kwenye kigoda, chini, kwenye udongo uliolowa maji ya beseni. Nilikuwa nimejiandaa kwa jina la mwanaume. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyanoa siku zote zile, na mengine hayafai kanisani. Yote yalinikauka. Jina langu, ambalo hakuwahi kulisema hata kwa kukosea, lilikuwa limelala katika nyama yake, na halitoki tena.

"Josiane. Hili ni mimi."

"Njo, Mama."

"Kwa nini?"

Alikuwa akitazama mkono wake kwa udadisi, kama mtu aliyeletewa kitu kutoka kwa fundi. "Mifuko yangu ya muchele," akasema. "Naandikaka jina ya mwenyewe, na fasi, kijiji yenye inaenda. Ikianguka mu njia, muntu akiiokota anajua atairudisha kwa nani."

"Wewe si mfuko."

"Ku njia ya Kamituga bantu banaangukaka, Mama. Banazikwa tu hivi, bila jina. Bakiniuliza mi ni wa nani, pengine sitakuwa na sauti. Na hata nikiwa nayo, jina yako siwezi kuitamka. Unajua. Ile siwezi kusema, nimeandikisha."

Neno moja ndani ya maneno yale lilinifikia kwa kuchelewa, kama kishindo cha jiwe lililotupwa kisimani.

"Kwa hiyo unakwenda huko."

"Nilikuwa nangoja ipone, isomeke. Kila muntu anaulizwa, na hakuna muntu anakwenda kuangalia. Nimechoka kuuliza. Nitakwenda mwenyewe kumutafuta."

Nilitazama mikono yangu. Ilikuwa bado inateleza mafuta. Maji yote niliyochemsha, chumvi, sabuni, nzi niliowafukuza, makofi niliyompiga kwenye kucha! Nilikuwa nimemharakishia safari. Nilikuwa nimeufunga mzigo kwa mikono yangu mwenyewe, nikaukaza vizuri, huku nikidhani namzuia asitoke.

"Una mama yako Bukavu," nikamwambia. "Kwa nini hukuandika la kwake?"

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema kitu ili kumpendeza mtu.

"Mama yangu akisikia nimekufa atalia," akasema. "Wewe utakuja."

"Nikikukataza?"

"Nitabaki. Utanizuia, nitabaki. Nitakuwa naangalia njia tu."

"Na Kamikazi?"

"Si iko na wewe?"

Sikumkataza. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri, na sitaki mtu aniambie. Védastine alikuja mchana, akaushika ule mkono, akaugeuza huku na huku kama anayenunua kitambaa. Nilimwambia kilichoandikwa. Nilingoja aseme la mzaha kuhusu tajiri Mirindi, kuhusu urefu, kuhusu njia ya Kigali.

"Ungeandikisha kubwa zaidi," ndilo alilosema. "Muntu mwenye haraka hataona." Akaenda kwake, akarudi na viazi vitamu vilivyochemshwa, akavifunga kwenye jani la mgomba, akaviweka kwenye mapaja ya Josiane.

Aliondoka siku alipoacha kuhisi mwasho. Mimi na Kamikazi tulimsindikiza mpaka darajani, tukiwa na wanawake wengine wenye mizigo, wanapiga kelele, wanamtania: "Sita-na-Moja, leo unavuka bila muchele? Umeokoka?" Akacheka. Alikuwa amevaa blauzi ya mikono mirefu. Alimbusu Kamikazi kichwani, akaniinamia mimi kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akapita, na mgongo wake ukachanganyika na migongo mingine mpaka sikuweza tena kusema ni upi.

Mvua zikanyesha. Maharage yakavunwa, yakapandwa mengine. Kamikazi aling'oka meno ya mbele, akaanza kunitegea yeye vitendawili, vingine vya kubuni ambavyo havina jibu lolote duniani, na nilijibu hivyohivyo. Barabarani kila gunia lililopita lina maandishi nililisoma. Nilisoma majina ya watu nisiowajua na fasi nisizozijua, midomo yangu ikitembea, mpaka watu wakaanza kunionea huruma.

Nilikuwa nyuma ya nyumba napepeta maharage niliposikia.

"Mukankusi iko hapa?"

Ungo ulinianguka. Kwenye kilima hiki sikuwa Mukankusi. Nilikuwa Mama Ndizeye, hata padri aliniita hivyo. Jina lile hakuna aliyekuwa nalo isipokuwa mimi, na mkono mmoja. Na sasa lilikuwa limetoka kinywani mwa mwanaume, tena kwa sauti ya ng'ambo, sauti iliyoshuka kutoka milimani kule. Nilimsikia Védastine upande wa pili wa ua. Nadhani alionyesha tu kwa mkono.

Mtu huyo alizunguka nyumba. Alikuwa na tope mpaka magotini, kofia ameishika kifuani. Alisema anaitwa Mukengere, ni katekista katika kijiji kimoja juu huko, mbele ya Kamituga, na kwamba tangu darajani ameuliza Nzahaha, Nzahaha, mpaka amefika.

"Ni mimi," nikasema. "Hilo jina umelitoa wapi?"

"Nimeisoma, Mama. Ku mukono ya mwanamuke."

Maharage yalikuwa yametawanyika miguuni mwangu na kuku wameshayafikia, wala sikuwafukuza. Maisha yangu yote nimetega vitendawili bila kuogopa jibu. Hiki nilikiogopa kabla ya kukitega.

"Huo mkono, Mzee. Uliugusa?"

"Niliugusa."

"Ulikuwa wa moto au wa baridi?"

Alielewa. Niliona jinsi alivyoelewa, akasogea hatua moja, akanijibu haraka kabla sijaanguka.

"Wa moto, Mama! Moto sana. Ni homa, imemuangusha kabisa, hasemi kitu. Anakunywa maji tu, na uji kidogo. Muke wangu njo anamuangalia. Ni yeye alimuosha, akaona mandiko, akaniita nisome."

Nilishika ukuta.

"Na yuko peke yake?"

Hapa alichelewa. Aliitazama kofia yake, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Peke yake, Mama. Alifika na shati ya mwanaume ndani ya kitenge yake. Njo anailalia. Muke wangu alitaka kuifua, akamukatalia kwa mukono."

Nilisikia vizuri: shati limerudi bila mwenyewe. Sikumwuliza ni shati la rangi gani.

Védastine alikuwa amefika, anapumua kwa nguvu. Nilimwomba ampe mgeni kiti na uji. Nikaingia ndani. Nikachukua kitenge cha pili, sabuni, chumvi kwenye karatasi. Nikavitafuta viatu vyangu vya kamba chini ya kitanda, vile vya kutembelea mbali. Kamikazi alikuja akasimama mlangoni, anazuia mwanga.

"Nyogokuru, unaenda fasi gani?"

"Naenda kumchukua mtoto wangu."

"Papa?"

Niliinama nifunge kamba za viatu, nikakawia nazo, maana sikutaka auone uso wangu.

"Hapana," nikamwambia. "Mama yako."